Fundi wetu anasukumwa na nini mpaka abuni kitu kipya? Wenye karakana Unguja na Pemba tuzungumze

Fundi Chuma (mleta uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa,

Juzi mtoa mada mmoja kwenye semina hapa mjini alisema mafundi wa Zanzibar hawabuni kwa sababu hawana hamasa, na dawa yake ni kuongeza mashindano na kukuza zawadi. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nimezaliwa Pemba, karakana yangu iko Mwanakwerekwe, na maneno yale sikubaliani nayo hata kidogo. Nitaeleza kwa nini, kisha wenye kazi zao mnipinge au mniongezee.

Kwanza hilo la kwamba hatubuni. Tazameni gari la ng'ombe la hapa kwetu. Ekseli ya gari iliyokufa, magurudumu ya mpira, bodi ya mbao, basi linabeba mchanga, mihogo na matofali kutwa nzima. Hakuna kiwanda kilicholeta mchoro wake. Tazameni daladala za mbao zinazokwenda shamba: inaletwa gari ndogo ya mizigo, seremala na mchomeleaji wanakaa nayo, inatoka ina mabenchi ya pembeni, paa la kupakia magunia na nakshi ubavuni. Tazameni mashine za kukunia nazi sokoni. Ile mbuzi tuliyokulia nayo jikoni, fundi amechukua meno yake akayafunga kwenye shafti, nyuma akaweka mota, na mama aliyekuwa akiinama na nazi zake za futari anasimama pembeni dakika chache tu anaondoka na nazi zake zimeshakunwa. Waliofanya hivyo vitu walipewa cheti gani? Hata majina yao hatuyajui.

Sasa nini kiliwasukuma? Wenye umri wangu mnalikumbuka lile giza. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya uliolazwa baharini tangu 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Mei 2008 ukakatika, tukakaa karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ukakatika tena, safari hii hadi Machi 2010. Miezi mitatu, kisiwa kizima. Mchomeleaji asiye na umeme hana kazi. Wenye uwezo walinunua genereta, na mafuta yake yakawamaliza. Jirani yangu mmoja alichukua injini ya pikapu iliyokuwa imelala nyuma ya nyumba, akaifunga kwa mkanda na dainamo kubwa, akahangaika na mizunguko yake mpaka moto wa kuchomea ukatulia. Mwingine aliacha kuchomea kabisa, akaanza kutengeneza mageti ya bolti na nati. Wateja wakayapenda kwa sababu yanafunguka vipande vipande, unaweza kuyapakia kwenye boti ukayapeleka Mkoani bila kukodi gari kubwa. Umeme uliporudi hakuyaacha.

Hapakuwa na mtu aliyewatangazia zawadi wale. Kazi ilikuwa imesimama mbele ya macho yao, mikono yao inaijua, na hapakuwa na bosi wa kuwaambia wafanye vipi. Hilo la bosi nalitilia mkazo. Fundi mwenye banda lake na fundi aliyeajiriwa kukata nondo kwa vipimo vya mtu mwingine wanaweza kuwa na ujuzi sawasawa, lakini wa kwanza ndiye anayekosa usingizi akiliwaza geti la watu.

Kitu cha pili ni jina, na sizungumzii jina la kutangazwa redioni. Fundi mwenzako akija karakanani hatazami rangi. Anainama, anapitisha kidole chini ya kiungo pale ambapo mteja hataona milele, kisha anakuuliza: "Hii umeifanyaje?" Swali hilo nimeshawaona watu wazima wakikesha kazini kwa ajili yake. Mteja anaweza kukusifu kwa kutojua. Fundi mwenzako hakusifu bure.

Fedha naiweka ya tatu, na naomba nieleweke. Sisemi kwamba haina thamani. Nasema haizai wazo, ila ndiyo inayoamua kama wazo litatoka bandani. Nitawapa mfano wangu. Karafuu Pemba zinaanikwa juani kwa majamvi siku kadhaa, na mvua ikianza nyumba nzima inakimbia kuanua, watoto, wazee, hata mgeni. Zikirowa zinavunda na daraja linashuka, na mnajua ZSTC, shirika la biashara la serikali, inanunua kwa daraja. Nikatengeneza vichanja vya chuma vyenye wavu, vinapanda juu ya reli, mtu mmoja akisukuma vyote vinaingia chini ya paa. Taasisi moja, sitaitaja, ikaja ikapiga picha, ikanialika kwenye maonyesho, nikapewa cheti na chakula cha mchana. Kichanja hawakununua hata kimoja. Aliyenunua ni mkulima wa Mtambwe aliyeviona kwa mjomba wangu, akalipa baada ya kuuza karafuu zake, na akaniambia reli ni nyembamba, zinapinda. Kwa neno lake lile ndipo vichanja vikawa vichanja kweli.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwenye kutaka fundi abuni amletee tatizo la kweli, amwachie njia ya kulitatua, kisha ainunue kazi. Nunueni kazi zetu. Vyeti tunavyo vya kutosha.

Nyinyi wenzangu, mnasukumwa na nini?

---

Mpita Darajani

Mleta uzi nakuheshimu, lakini hapo kwenye fedha ya tatu sipo pamoja na wewe. Mimi seremala. Kodi ya banda, ada za watoto, deni la mbao, hivyo ndivyo vinavyonitoa kitandani alfajiri.

Na nikwambie kwa nini vitanda vya mstari wetu wote vinafanana. Mteja anakuja na picha kwenye simu, anataka vile vile, anatoa arabuni nusu, na nusu hiyo yote inaishia kwenye mbao. Mninga na mkongo vinatoka Bara kwa bahari, na ushuru juu. Ubao nikiuharibu kwa kujaribu kiungo kipya, nimeharibu ubao wa mteja kwa fedha ya mteja. Nitamwambia nini? Kwa hiyo narudia kiungo nilichofundishwa na marehemu baba, kinashika, nakabidhi, naanza kingine. Hamasa ninayo tele. Ninachokosa ni ubao wa kukosea.

Halafu kuna kuiga. Nikitoa meza yenye mguu wa namna mpya Jumatatu, Ijumaa iko mabanda manne, kwa bei ya chini yangu. Faida yangu iko wapi?

---

Binti wa Paje

Kaka Fundi Chuma, ahsante kwa uzi. Nilipofika kwenye "mikono yao inaijua" nikamkumbuka mama yangu.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara huku kwetu Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu mwanzo kazi hii imekuwa ya wanawake zaidi. Unaingia bahari inapokupwa, unafunga vipande kwenye kamba, unavuna, unakausha, unabeba. Halafu anakuja mnunuzi, anakutajia bei, basi. Hujadiliani naye. Kuna aina mbili za mwani, kotonii na spinosi. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri kidogo, lakini maji ya pwani yamekuwa ya moto, inaoza kabla haijakomaa, tunabaki na spinosi ya bei ya chini. Mtafiti Dk. Flower Msuya alileta njia ya kuupanda kwenye nyavu ndefu za mviringo, maji ya kina kirefu yenye baridi. Njia ni nzuri, lakini inataka chombo na inataka mtu anayejua kuogelea, na wengi wetu hatukufunzwa kuogelea.

Mimi na wenzangu tukaingia kwenye sabuni. Mwani unasagwa, unachanganywa na mafuta ya nazi na kostiki, tunatia mafuta ya karafuu au mchaichai, kisha inakaa wiki kadhaa kabla ya kuuzwa. Mliposema hamasa, nitawaambia yetu: tulitaka kitu ambacho bei yake tunaitaja sisi. Kiasi tulichokuwa tukipata kwenye mwani mkavu kilikuwa kidogo, hilo kweli, lakini kilichotuchoma zaidi ni kusimama mbele ya gunia lako ulilolitoa baharini kwa mgongo wako, ukasubiri mtu mwingine aseme ni la shilingi ngapi. Leo mgeni akiuliza bei ya sabuni namjibu mimi. Hilo kwangu ni kubwa kuliko faida yenyewe.

Na tusiwasahau kina mama wa sola. Pale Kinyasini kuna chuo cha Barefoot, kinachukua wanawake kutoka vijiji visivyo na umeme, wengine hawakukaa skuli hata kidogo, wanafunzwa kufunga na kutengeneza mitambo ya jua. Wa mwanzo walipelekwa India. Wanafuata rangi za waya na vifaa, kalamu wanaiacha. Akirudi kijijini ndiye fundi, wanaume wanamfuata taa zikizima. Nendeni mkamuulize mwanamke kama huyo nini kinamsukuma, kisha mje mtueleze habari za zawadi.

---

Kalafati

Nungwi hapa, mtoto wa fundi wa majahazi, na mimi mwenyewe nashika tezo.

Watu wakija kwetu wanapiga picha, wanaandika "ufundi usiobadilika tangu enzi." Si kweli, na inaniuma. Wazee wa kale walishona vyombo kwa kamba ya nazi, ndiyo mitepe ile, na mfano wake uliwekwa Beit al-Ajaib. Ikaja misumari, mshono ukaachwa. Zikaja mashine, mafundi wakabadilisha tezi ya chombo ili iweze kubeba mashine nyuma na chombo kisizame kisigino. Keekee bado mtaiona ufukweni, na pembeni yake drili ya umeme. Anayejenga hana karatasi ya mchoro. Anaweka mkuku, uti wa chini wa chombo, anapima kwa jicho na kamba, na mataruma, yaani mbavu zake, anayatafuta kwenye matawi yaliyopinda yenyewe msituni. Sasa miti hiyo imekuwa adimu, tawi lenye pindo zuri la taruma unalitafuta mpaka unachoka, kwa hiyo tunaunga vipande viwili pale ambapo babu alitumia kimoja. Kiungo hicho hakikuwapo. Tumekibuni sisi kwa kukosa mti.

Mnakumbuka Flipflopi? Chombo cha plastiki iliyookotwa, kilichojengwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake, kikasafiri kutoka Lamu mpaka hapa Unguja mwanzoni mwa 2019, kama kilomita 500. Wengine walivutiwa na rangi zake. Mimi niliangalia viungo. Msumeno ule ule, randa ile ile, maarifa yale yale ya mkuku na mataruma, ila ubao wake ni takataka za baharini. Yule si mtu aliyeacha ufundi wa wazee akaenda kubuni. Kabuni kwa sababu anaujua.

Ndugu yangu Mpita Darajani, hoja yako ya ubao wa kukosea ni nzito, lakini bahari ina jambo moja ambalo kitanda hakina. Chombo kikivuja kuna watu ndani, na nahodha ni binamu yangu. Kwetu hofu ya aibu na hofu ya maiti zinasukuma kuliko njaa. Ndiyo maana jambo jipya tunaliweka kwanza kwenye ngalawa au kidau cha kuvulia karibu na pwani. Kikikaa misimu bila kuvuja, ndipo linapanda kwenye jahazi.

---

Fundi Chuma

Kalafati, hilo la kuanzia kwenye kidau nimelichukua, sikuwa nimelifikiria hivyo.

Binti wa Paje, dada yangu, umelisema vizuri kuliko mimi. Mimi nilisema "bosi", wewe ukasema "kutaja bei". Ndilo jambo lenyewe.

Mpita Darajani, sikatai njaa. Nakuuliza tu: mabanda yote ya mstari wenu yana njaa ile ile, kwa nini aliyetoa mguu mpya wa meza ni wewe, na wale wanne wakasubiri Ijumaa? Kuna kitu cha ziada kilichokusukuma, na hicho ndicho ninachokitafuta kwenye uzi huu.

---

Mwalimu wa Amali

Salaam kutoka Vitongoji, Pemba. Nimefundisha vijana wa amali muda mrefu, naomba niingie kwa mambo matatu, moja nikiwa upande wa mleta uzi, moja dhidi yake, na moja la tahadhari.

La kumuunga mkono. Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa chekechea Stanford, Marekani, waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri likichora. Kundi la pili lilipewa cheti hicho hicho kwa kushtukizwa, bila kuahidiwa. La tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili wakaachiwa wacheze watakavyo. Wale walioahidiwa walichora karibu nusu ya muda waliochora wenzao. Walioshtukizwa hawakupungua. Mimi nayaona hayo darasani. Nikitangaza mashindano mapema, vijana wananiuliza majaji wanataka nini. Nisipotangaza, wananiuliza kwa nini pampu haivuti. Sisemi tufute mashindano. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, tangu ianze 2019 imewapa mafundi wasio na vyeti mahali pa kuonekana mbele ya taifa, na hilo nalithamini kwa dhati. Nasema mashindano yamfuate fundi aliyekwisha kuanza. Hayawezi kumuanzisha.

La kumpinga. Mleta uzi anasifu giza la Unguja kana kwamba dhiki ndiyo mwalimu. Sisi Pemba tuliishi na majenereta ya Wesha mpaka waya wa Tanga ulipofika mwaka 2010, na dhiki ile haikutufanya wabunifu. Ilitufanya tuhamie mjini, na yeye mwenyewe ni shahidi. Karakana za aluminiamu na za kuchomelea unazoziona leo Chake na Wete zimeota baada ya umeme kutulia. Shida inachochea pale tu ambapo fundi ana vifaa vya kupambana nayo. Jirani yako alikuwa na injini ya pikapu. Asiyekuwa nayo alifanya nini?

La tahadhari, na hili liwafikie wote. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 ya kulinda uvumbuzi, maumbo ya bidhaa na alama za biashara, na msajili ni BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa Zanzibar. Usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa Bara, hauvuki bahari, wala wa huku hauendi kule. Uvumbuzi uliokwisha kuonyeshwa hadharani unaweza kupoteza sifa ya kuwa mpya, na bila sifa hiyo haulindwi. Sasa fikirieni ni mafundi wangapi wanapanga vitu vyao kwenye maonyesho ya Januari kabla hawajaingia ofisi ya msajili. Fundi Chuma, vile vichanja ulipopigwa picha, hukuwa umejaza fomu yoyote, au vipi? Dada wa Paje, wewe lako ni jepesi zaidi: jina na alama ya sabuni yenu visajiliwe sasa, kabla wauzaji wa madukani hawajavitumia.

---

Binti wa Paje

Ahsante sana mwalimu. Alama tunayo kwenye karatasi za kufungia tu, haijasajiliwa. Nitalipeleka kwenye kikundi.

---

Fundi Chuma

Mwalimu, hukukosea, nilipigwa picha bila fomu. Na hoja yako ya vifaa naipokea yote. Jirani yangu angekuwa hana ile injini, nisingekuwa na mfano wa kuwaletea hapa. Lakini ona basi kwamba tunakutana: ubao wa kukosea wa Mpita Darajani na injini ya pikapu ni jambo moja. Fundi anataka kitu cha kujaribia ambacho kikiharibika nyumba yake haitalala njaa. Wanaotoa mikopo na ruzuku wangelitazama hilo. Fedha ya kununua mashine wanatoa, fedha ya kuharibu vipande vitatu ili cha nne kifanye kazi sijawahi kuiona kwenye fomu.

---

Mpita Darajani

Hapo sasa tunazungumza lugha moja. Na swali lako kuhusu mguu wa meza nimekaa nalo. Kweli ni kwamba nilichoka kuuona ule wa zamani. Unayumba sakafu ikiwa na vigae visivyo sawa, na kila nikipita nyumba ya mteja naona kipande cha karatasi kimekunjwa chini ya mguu. Nilikuwa naona haya, ingawa hapakuwa na aliyelalamika.

Kalafati, wewe kwenye vidau vyako vya majaribio unatumia mti gani? Mninga siwezi.

---

Kalafati

Mwembe. Ngalawa zetu nyingi ni za mwembe, unapatikana hapa hapa na si ghali. Kwa seremala ningekwambia jaribu mnazi. Minazi mikongwe inakatwa kila siku, mbao zake watu wanaziona za kuezekea tu. Chukua za upande wa nje wa gogo, ndizo ngumu, za katikati ni laini hazishiki skrubu.

---

Mpita Darajani

Mnazi niliujaribu zamani, unakula meno ya msumeno, unanoa kutwa.

---

Fundi Chuma

Tumia diski yenye ncha za kabaidi, hiyo inahimili. Kama mashine yako haiichukui, pima kipenyo cha shafti unitumie, nitakukatia bushi.